Maji Yasiyogusa Chuma

Moko, ile tindo ndefu inayopasua mwamba, inapotoka motoni na kuzamishwa ndooni, hutoa sauti tatu. Ya kwanza ni ya chini, mnong'ono mzito ambao mtu aliyesimama kando ya barabara hausikii kwa kelele za malori. Ya pili ni mngurumo: maji hutibuka, ndoo hutetema, mvuke humfunika fundi mpaka kifuani. Ya tatu ni mchemko mdogo unaofifia, na hapo chuma huwa cheusi tayari. Yote haya hupita ndani ya sekunde chache, na wengi wanaotazama husikia kelele moja tu.

Ukimuuliza mtazamaji ni wakati gani maji yanakinyang'anya chuma joto kwa kasi kuliko wakati mwingine wote, atakwambia ni pale mwanzo kabisa, chuma kikiwa chekundu. Anakosea. Pale mwanzo maji hayagusi chuma. Yako nusu ya unywele mbali nacho, yamezuiwa na mvuke wao wenyewe, na joto linalovuka ni kidogo kuliko litakalovuka muda mfupi baadaye, chuma kikiwa kimeshapungua moto. Mngurumo ule wa pili ndio mguso wenyewe. Ugumu wa moko, maisha yake shimoni, na wakati mwingine usalama wa macho ya fundi, vyote hutegemea mguso huo unatokea lini na unatokea wapi.

Karakana ya fundi huyu iko Runzewe, wilayani Bukombe, kwenye barabara kuu inayotoka Kahama, kupita Ushirombo, kwenda Nyakanazi na kuendelea hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Mpaka mwaka 2012 Bukombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ulipoanzishwa mkoa wa Geita, ikahamia huko. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapa usiku na mchana, na malori yaliyobeba mizigo mizito huvunja springi. Pembeni mwa barabara hiyohiyo, katika ukanda mzima wa dhahabu, wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo yao, wakiwa na nyundo na moko. Springi iliyovunjika ni taka kwa dereva na ni malighafi kwa fundi chuma. Ina kaboni ya kutosha, asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, kuweza kuwa ngumu sana ikipozwa ghafla. Nondo ya ujenzi haina kaboni hiyo. Uipashe na kuizamisha upendavyo, ncha yake itajikunja kwenye jiwe la kwanza. Kwa hiyo barabara inalisha mgodi, na kiungo kati yao ni ndoo ya maji.

Tuanze na mchemko wa kawaida, ule wa sufuria. Nchi hii imeinuka. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na miji ya ukanda huu iko juu zaidi ya hapo. Maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, badala ya nyuzi 100 za Tanga au Mtwara. Chini ya sufuria kuna mikwaruzo na vijishimo visivyoonekana kwa macho, na kila kijishimo kimehifadhi chembe ya hewa au mvuke. Hapo ndipo mapovu huzaliwa. Povu hukua, hujing'oa, hupanda, na mahali lilipokuwa maji mapya hukimbilia. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto karibu mara 7 ya lile lililotumika kuyafikisha kwenye mchemko kutoka ubaridi wa mtungini. Kila povu, basi, ni mpagazi aliyebeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake, na kadiri chuma kinavyozidi moto, ndivyo wapagazi wanavyozidi kuondoka uwanjani, kundi juu ya kundi.

Lakini uwanja una ukubwa wake. Mapovu yakizidi huanza kugusana, kuungana, kuzibana njia. Maji mapya yanayotaka kushuka kugusa chuma hukutana na mvuke unaopanda, na mvuke unashinda. Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa ukamilifu alikuwa Shiro Nukiyama wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, mwaka 1934. Alizamisha waya mwembamba ndani ya maji yanayochemka, akapitisha umeme, akapima joto la waya na kiasi cha nishati uliyoitoa. Nishati ilipanda kwa kasi kadiri waya ulivyozidi moto, ikafika kilele, kisha waya wa nikeli na kromu ukawaka na kukatika. Akabadilisha, akatumia platini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,768. Platini ilistahimili, na Nukiyama akaona upande wa pili wa kilele. Umeme alioupunguza haukurudisha waya njia uliyopandia. Waya uliendelea kuwa mwekundu ndani ya maji, umevikwa mvuke, mpaka alipoushusha mbali sana ndipo maji yakaurukia tena.

Mchoro alioutoa unaitwa mkondo wa mchemko, na naamini ni miongoni mwa michoro muhimu kuliko yote iliyowahi kuchorwa kuhusu maji. Kilele chake, kwa maji ya kawaida kwenye kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari, ni karibu wati milioni 1 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni wati 100 zinazopita katika kila eneo dogo la sentimita moja kwa sentimita moja. Kilele hicho hufikiwa uso wa chuma ukiwa umezidi kiwango cha mchemko kwa nyuzi 30 hivi tu. Chuma cha nyuzi 130, ambacho hakina hata dalili ya kuwaka, kinaweza kuyapa maji joto kwa kasi ambayo chuma cha nyuzi 600 hakiifikii. Baada ya kilele mkondo huporomoka hadi bondeni, mahali ambapo mvuke umefunika uso wote. Kisha hupanda tena taratibu, kwa sababu chuma kikiwa chekundu kabisa huanza kurusha joto kama mwanga, kupenya mvuke.

Karibu miaka 180 kabla ya Nukiyama, daktari wa Kijerumani aitwaye Johann Gottlob Leidenfrost alikuwa ameshaliona bonde hilo bila kuwa na jina la kuliita. Katika kitabu chake cha Kilatini cha 1756, kilichochapwa Duisburg, alieleza jinsi alivyopasha kijiko cha chuma mpaka kikawa chekundu, akadondosha humo tone moja la maji. Tone halikupasuka. Likajiviringa, likazunguka kwenye kijiko, na likachukua zaidi ya sekunde 30 kutoweka. Akadondosha la pili kwenye kijiko hichohicho kilichokuwa kimepoa kidogo: likaisha kwa sekunde kama 10. La tatu, sekunde kama 3. Tafakari hesabu hiyo. Kijiko kinapoa, na maji yanakauka haraka zaidi. Kisha akafanya jambo la akili sana: aliweka mshumaa nyuma ya tone na kutazama kwa usawa wa chuma, akaona mwanga ukipita chini ya tone. Kulikuwa na nafasi. Tone lilikuwa hewani.

Yeyote aliyewahi kuchoma chapati amefanya jaribio la Leidenfrost. Kikaango kikiwa vuguvugu, matone ya maji yakirushwa hutandaa na kuchemka taratibu. Kikizidi, matone husema *chwaa* na kutoweka papo hapo. Kikizidi mno, matone hugeuka shanga zinazokimbia huku na huku, na mpishi anajua apunguze moto kabla chapati haijaungua. Shanga hizo zimebebwa na utando wa mvuke wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Mvuke hupitisha joto vibaya sana, zaidi ya mara 20 chini ya maji yenyewe. Tone lingegusa kikaango, lingekufa mara moja. Linaishi kwa sababu tumbo lake linaendelea kuvukiza, na mvuke huo, ukitafuta njia ya kutokea pembeni, unalinyanyua.

Je, ni kweli kabisa kwamba haligusi? Hapa ndipo wataalamu wameumiza vichwa kwa miongo mingi, na jibu linapendeza kuliko swali. Katika joto kali sana, juu ya uso laini, haligusi. Karibu na bonde la mkondo mambo hubadilika: utando hutetemeka, mawimbi madogo hushuka kutoka upande wa maji, na vilele vya ukwaruzo wa chuma huchomoza kutoka upande wa pili. Vinakutana hapa na pale, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha mvuke unaopasuka pale pale unavitenganisha tena. Watafiti wamenasa miguso hiyo kwa njia mbili. Wengine walipitisha umeme kati ya chuma na maji, wakitazama mshale ukiruka kila maji yanapofika. Wengine, miaka ya karibuni, waliangusha matone juu ya vioo vigumu vya yakuti vilivyopashwa moto, na kupiga picha kutoka chini kwa kamera zinazonasa maelfu ya picha kwa sekunde. Palipoguswa huonekana peusi, penye mvuke huonekana pakimeremeta. Kilichodhihirika ni kwamba hakuna nyuzi joto moja ya kudumu ambayo mguso hukoma. Uso ulio mkavu na laini huachana na maji mapema. Uso wenye ukwaruzo, kutu au magamba ya moto huyashikilia. Tone lililoanguka kwa nguvu hugusa mahali ambapo tone lililowekwa taratibu lingeelea. Maji baridi hugusa mahali ambapo maji ya moto yangezuiwa.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa katika karakana ya Runzewe, kwa hiyo turudi kwenye ndoo.

Fundi amechonga ncha ya moko kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Sasa anairudisha kwenye makaa, anazungusha feni, anangoja rangi. Chuma cha springi kinataka nyuzi 800 na ushee. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha ambayo ningependa kila karakana iwe nayo: sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika mbovu. Chuma kikipita nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ikiacha kushika, subiri kidogo, kisha zamisha. Katika joto hilo kaboni imejitawanya ndani ya chuma sawasawa. Kikipoa polepole, kaboni itajipanga upya kwenye tabaka laini na moko itakuwa butu kabla ya saa sita mchana. Kikipozwa haraka, kaboni hunaswa ilipo, fuwele za chuma hujipinda kuizunguka, na kinachopatikana ni kitu kigumu mno kinachoitwa matensaiti. Haraka hiyo inatakiwa hasa kati ya nyuzi 700 na 500 hivi. Ukishavuka salama mlango huo, umepata ugumu.

Hapo ndipo utando wa mvuke unapoleta shida. Unatanda kwenye chuma katika joto lilelile ambalo haraka inatakiwa. Mnong'ono wa sauti ya kwanza ni muda unaopotea. Na haupotei sawasawa: pembe kali na ncha hupoteza utando mapema, sehemu bapa huendelea kuvikwa, povu kubwa likijificha kwenye mkunjo hukaa hapo. Matokeo yake ni moko yenye madoa laini. Mchimbaji akiupiga mwamba nayo huona ncha imekaa sawa lakini ubavu umepinda, au upande mmoja unamomonyoka. Wengine husema chuma ni kibovu. Mara nyingi chuma ni kizima kabisa. Ni maji yaliyochelewa kukigusa.

Mafundi wana dawa zao, na kila moja, ukiichunguza, ni njia ya kuuvunja utando. Ya kwanza ni kutotulia. Moko huzamishwa na kutikiswa juu na chini, au kuzungushwa kama mtu anayekoroga uji mzito, ili maji yaliyo mbio yaupasue mvuke. Ya pili ni chumvi. Maji ya chumvi yakivukiza kwenye uso wa chuma huacha punje za chumvi, na punje hizo hupasuka kwa joto na kuuchana utando karibu mara tu unapozaliwa. Sauti ya kwanza hupotea kabisa, huanza moja kwa moja na mngurumo. Ya tatu haifahamiki sana hapa lakini mafundi wa panga wa Japani wameitumia kwa karne nyingi: kupaka chuma udongo mwembamba kabla ya kukizamisha. Mtu angedhani udongo utachelewesha upoaji. Ukiwa mwembamba unauharakisha, kwa sababu uso wa nje wa udongo hupoa upesi hadi joto ambalo maji yanaweza kuugusa, na maji yakishagusa hayaachi.

Jambo linalosahaulika ni joto la ndoo yenyewe. Siku yenye kazi nyingi fundi huzamisha moko moja baada ya nyingine kwenye ndoo ileile ya lita 20, na kufikia mchana maji yako vuguvugu au moto kabisa. Maji baridi hulazimisha mvuke kurudi kuwa maji pale pale unapotoka, kwa hiyo utando huwa mwembamba na huvunjika mapema. Maji yaliyopita nyuzi 50 au 60 hayafanyi hivyo. Utando hunenepa na kung'ang'ania. Moko za alfajiri na moko za alasiri zimetoka springi moja, mkono mmoja, makaa yaleyale, na bado hazifanani. Pipa kubwa lenye maji mengi, au kubadilisha maji katikati ya siku, kungeondoa tofauti hiyo kwa gharama ya kuteka tu.

Kuna upande wa pili wa mizani. Chuma cha springi kikipozwa kwa ukali mno hupasuka, na ufa mwingine hauonekani mpaka moko ikatike chini ya nyundo na kipande kuruka. Ndiyo maana wengi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za malori. Oili huchemka kwenye joto la juu zaidi kuliko maji na hukipoza chuma polepole mwishoni mwa safari, pale ambapo nyufa huzaliwa. Inatosha kwa chuma chembamba chenye kaboni ya springi. Hatari yake ni moto: ikiwa na maji kidogo chini ya debe, maji hayo huchemka ghafla na kuirusha oili inayowaka. Debe la kuzimia lifunikwe mvua isiingie, na liwe na kifuniko cha bati karibu.

Chuma kikishakuwa kigumu bado hakifai. Ni kama kioo. Kazi ya kutia matiko hukamilika kwa kurudisha joto kidogo, na hapa ustadi wa mafundi wa kizamani na wa leo unanifurahisha zaidi kuliko kitu kingine katika sura hii. Fundi mzoefu hazamishi moko yote. Huzamisha ncha tu, vidole vichache, huku akiinua na kushusha kidogo ili mstari wa maji usije ukakata chuma mahali pamoja. Kisha huitoa, husugua ncha haraka kwa jiwe au mchanga mpaka ing'ae, na kutazama. Joto lililobaki kwenye shina linatembea kuelekea nchani, na rangi zinatembea nalo: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, hudhurungi, zambarau, kisha buluu karibu na 300. Rangi anayoitaka ikifika nchani, anazamisha tena na safari inaishia hapo. Mara hii ya pili hakuna mnong'ono. Uso uko chini ya bonde la mkondo na maji yanaugusa tangu mwanzo, kwa mapovu. Fundi amepita kwenye mchoro wa Nukiyama kutoka kulia kwenda kushoto, tena mara mbili, akiongozwa na sikio na jicho.

Ustadi wa chuma ni wa zamani katika nchi hii. Warongo walikuwa wayeyushaji wa chuma wa upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, kabla ya majembe ya kiwandani kuua soko lao. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt, ambaye katika miaka ya 1970 aliwaomba wazee wa Buhaya wafufue tanuri zao ili ujuzi urekodiwe, aliwachunguza Warongo pia, na kitabu chake cha 1997 kinaweka kazi ya jamii hizo mbili pamoja. Tunayo kumbukumbu ya tanuri, ya mifuo, ya miiko na dawa zilizofukiwa chini ya tanuri. Natamani kazi kama hiyo ifanywe kwa karakana za leo za barabarani, ambazo ujuzi wake unapita mikononi mwa vijana bila kuandikwa popote.

Malori yaleyale yanayoacha springi Runzewe, mengine huendelea mpaka Goma. Huko, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni na mto wa lava ukapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Hofu kubwa ilikuwa gesi iliyoyeyuka kwenye vilindi vya ziwa, nayo haikufumuka. Lakini hata mkutano wenyewe wa lava na maji unaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka ndoo. Lava inayoingia majini taratibu huvikwa mvuke, hujijengea gamba, na chini ya gamba inaendelea kuwa nyekundu. Mlipuko huja pale maji yanapofungiwa ndani au chini ya kitu cha moto, au utando unapovunjika kila mahali kwa wakati mmoja na vipande vidogo vya moto vikachanganyika na maji. Maji yakigeuka mvuke hupanuka kama mara 1,700. Yakiwa na njia ya kutokea, hiyo ni sauti na ukungu. Yasipokuwa nayo, ni bomu.

Sheria hiyo inatimia kwa ukubwa wa kikombe kila siku mahali dhahabu inapoyeyushwa, na hapa sitaki kupita haraka. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Huwekwa kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na boraksi inayokusanya takataka, kisha humiminwa kwenye kalibu ya chuma au grafiti. Tone la maji likianguka juu ya dhahabu iliyoyeyuka, mara nyingi hukimbia juu yake kama shanga za kwenye kikaango na kuisha. Tone hilohilo likiwa chini, kwenye kona ya kalibu iliyolala nje usiku wa mvua, hufunikwa na metali nzito ambayo hailipi njia. Mvuke hutafuta njia wenyewe, na njia hiyo ni kupitia dhahabu, kuelekea uso wa anayemimina. Kijiko cha kukorogea, koleo lililowekwa kwenye ndoo, kipande cha dhahabu chakavu chenye maji ndani ya tundu: vyote vinaweza kufanya vivyo hivyo.

Retoti ya zebaki ina hatari ya jamaa hiyo. Ni chombo kizuri, na kila anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hadharani angestahili kuwa nacho, kwa sababu moshi wa zebaki huharibu ubongo na figo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, mvuke wake hupita kwenye bomba na kupozwa kwa maji upande wa pili. Tatizo ni mwisho wa bomba ukiachwa umezama ndani ya maji wakati moto unapozimwa. Retoti inapoa, mvuke ulio ndani unajikunja, na ombwe linalobaki linayavuta maji kupanda bombani mpaka ndani ya chombo ambacho bado kina mamia ya nyuzi. Mwisho wa bomba unatakiwa ukae juu kidogo ya maji, au ufungwe kitambaa chepesi kilicholowa kinachoning'inia kwenye maji bila kuziba, na uondolewe kwenye maji kabla ya kuzima moto.

Wenye viwanda vikubwa wanapambana na fizikia hiyohiyo kwa fedha nyingi. Mitambo ya nyuklia hujengwa ili vyuma vyake visikaribie kile kilele cha Nukiyama, maana ng'ambo yake vitavikwa mvuke na kuyeyuka vikiwa ndani ya maji. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha City cha Hong Kong walichapisha muundo wa uso wa chuma wenye nguzo ndogo, utando wa nyuzi usiopitisha joto, na mifereji chini yake ya kutorosha mvuke. Matone ya maji yaliendelea kuugusa hata ulipozidi nyuzi 1,000. Ukitazama muundo wao unaona mambo mawili ambayo tumekwisha kuyaona: kitu chembamba kisichopitisha joto kinachopokea maji kwanza, kama udongo wa mafundi wa panga, na njia ya wazi kwa ajili ya mvuke.

Kwa anayemimina dhahabu Runzewe hakuna haja ya nguzo wala mifereji. Kalibu ipashwe moto mpaka iwe kavu ndani ya matundu yake na si usoni tu, dakika kadhaa juu ya moto uleule, na isirudishwe chini kwenye ardhi yenye unyevu. Masizi ya mshumaa au ya kibatari yakipakwa ndani yake huzuia dhahabu isigande kwenye kuta. Kijiko na koleo vipashwe pia. Miwani ivaliwe. Ndoo ya maji ikae nyuma ya fundi, mbali na kalibu, mpaka dhahabu iwe imeganda na wekundu umekwisha. Ndipo kipande kinaweza kuzamishwa, na mtu akisikiliza vizuri atasikia zile sauti tatu.